Mpaka Mama Pua Anuse

Kwenye kile kiwanda kidogo cha maziwa, hakuna tone lililoingia kwenye tangi la kugandishia mtindi mpaka Mama Pua anuse. Hiyo ilikuwa sheria, na usiniulize iliandikwa wapi, maana haikuandikwa popote. Maziwa yakishachemshwa na kupoozwa, watu wote wanasimama, huyu ameshika bomba, yule ameshika ndoo, wanamsubiri mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na kilemba cheupe apande ngazi ya chuma, afungue mfuniko, atumbukize kichwa mpaka mabegani, anuse. Akiinua kidole gumba, maziwa yanamiminwa. Akikunja uso, hata meneja awe na haraka ya namna gani, tangi linaoshwa upya.

Kusema kweli walikuwa na sababu ya kumwamini. Jina la Pua hakulipata kwa ukubwa wa pua, maana pua yake ni ya kawaida tu, tena ndogo. Alilipata zamani kwenye ghala la nafaka, akiwa kibarua wa kufagia. Siku hiyo chumba kimoja kilikuwa kimefungwa, mahindi yanafukizwa dawa ya kuua fukusi, na wapagazi wamejipumzisha upande wa pili wa ukuta wanapiga soga. Yeye akapita na fagio lake, akasimama.

"Nani ana kitunguu saumu kilichooza hapa?"

Wakamcheka. Akanusa tena, akanusa kwenye ufa wa ukuta, halafu akatupa fagio na kuanza kuwasukuma wanaume wazima nje kama anafukuza kuku. Msimamizi alipokuja kupima akakuta gesi inavuja kweli, na ile gesi haina masihara, inaua fukusi na inaua mtu vilevile. Tangu siku hiyo jina likamganda, na wapagazi wale wakawa wanamwamkia kabla hajafika.

Basi tena, maisha yake yote akawa mtu wa dawa. Alifanya kazi kiwanda cha ngozi, ambako ngozi zinalazwa kwenye chokaa na chumvi, na ukizembea zinaota ukungu zikiwa zimepangwa. Alifanya kazi bwawa la kuogelea la hoteli moja, akapigana na mwani. Alifanya udobi wa hospitali, mashuka yenye kila balaa unaloliona na usiloliona. Kila mahali alikuta adui wake na dawa ya adui huyo. Alipofika kiwanda cha maziwa akakabidhiwa vyote kwa pamoja: kostiki ya kuondoa mafuta, asidi ya kubandua yale magaga ya maziwa yanayogeuka mawe, na mwisho klorini ya kumaliza vijidudu. Akavipenda vyote, jamani. Kuna watu wanapenda maua.

"Dawa ni mgeni," alikuwa anawaambia wanaoanza kazi, mikono kiunoni. "Bwawani, mgeni anakaa. Kwenye tangi la maziwa, mgeni anafanya kilichomleta, halafu anaondoka, na wewe unamsindikiza mpaka mlangoni. Ukimwacha ndani, hiyo nyumba si yako tena."

Maneno mazuri sana. Yaweke akilini, maana yatarudi.

Sasa sikiliza kosa lake. Klorini ikikaa inapoteza nguvu. Pipa la siku nyingi linaweza kuwa maji matupu yenye jina kubwa. Wenzake walisubiri vipimo. Yeye alifungua pipa, akainama, akavuta pumzi ndefu. "Hii imelala." "Hii kali, punguza." Na alikuwa hakosei! Mabosi wakafurahi, kipimo cha bure hicho, tena kina miguu. Mtu akimwambia avae barakoa, alimjibu, "Nikivaa nitanusa na nini, na masikio?" Watu wanacheka, anacheka, wanaendelea na kazi. Hakuna aliyejiuliza pua ya mtu inaweza kumezeshwa moto mara ngapi.

Haikufa siku moja. Ilianza kuchelewa, kama mtu mzima anayeitwa na kuitika baada ya kuitwa mara ya pili. Halafu ikawa inaitika siku moja moja. Halafu kimya.

Wa kwanza kujua alikuwa mumewe, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na yote ya kuchokoza. Siku hiyo alitoka barazani kwenye cherehani yake akakuta moshi wa buluu umejaa jikoni, sufuria ya maharage imeungua mpaka chini, na mkewe amekaa pembeni ya jiko anachambua vifungo vya mashati, ametulia.

"Mke wangu, unapika au unachoma mkaa?"

Mama Pua akainua macho, akauona moshi. Akaruka. "Nilikuwa nawaza!"

Kesho yake mume akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akakiweka karibu na kikombe cha chai cha mkewe. Mama Pua akakaa, akanywa chai, akasifu chai. Fundi akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe. Hiyo pua."

Akalia. Lakini alilia kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa na anamjua mwizi. Kisha akajifuta na kumnyooshea kidole. "Ukifungua mdomo wako nje ya nyumba hii, utajipikia."

"Na wewe ukiendelea kupika tutakula majivu." Halafu akasema polepole, "Mke wangu, mficha uchi hazai."

"Mimi nilishazaa, na wamemaliza shule. Niache."

Akaachwa. Akaendelea kupanda ngazi, kutumbukiza kichwa, kuinua kidole gumba. Mwanzoni alijisaidia na macho: yakiwasha, dawa bado ipo. Lakini macho nayo yalishazoea, yanawasha kwa kuchelewa. Halafu hofu ikamwingia. Akawa anaogopa uchafu asioweza kuunusa, ile harufu ya maziwa yaliyochacha kwenye pembe za tangi, ambayo zamani ilimwita kutoka mlangoni. Afanyeje? Akaongeza dawa. Leo kidogo, kesho kidogo zaidi. Na kusuuza je? Zamani alisuuza mpaka pua iseme basi. Sasa pua ilisema basi tangu ndoo ya kwanza. Pua iliyokufa haikatai kitu.

Ndipo mtindi ukagoma kuganda.

Mara ya kwanza wakasema bahati mbaya. Asubuhi wakafungua tangi wakakuta maziwa ni majimaji, yamelala tu, yanawatazama. Wakamwaga. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu meneja, mwanamke mrefu asiyependa utani, alisimama juu ya mfereji akiangalia maziwa ya wafugaji yanaondoka na povu lake, akauma midomo mpaka ikawa myeupe. Hospitali na shule zilizokuwa zinanunua mtindi zilishaanza kusema zitatafuta pengine.

Dada wa maabara, binti makini mwenye koti jeupe na kalamu sikioni, aliwaeleza wote. Mbegu ya mtindi ni kitu hai, alisema, ni vijidudu vyema, ndivyo vinavyogandisha. Visipofanya kazi, ama mbegu ni mbovu, ama kuna kitu kwenye maziwa kinaviua. Wakaleta mbegu mpya. Wapi! Majimaji yaleyale.

"Basi ni dawa kwenye maziwa," dada wa maabara akasema. "Ng'ombe akitibiwa kwa sindano, maziwa yake yanatakiwa kumwagwa mpaka dawa iishe mwilini. Kuna mtu hamwagi."

Na kila mtu akageuza shingo kumtazama Baba Mapacha.

Huyu alikuwa mfugaji mwembamba mwenye baiskeli na madebe mawili ya maziwa, na ng'ombe wake mmoja alikuwa amevimba chuchu na kudungwa sindano. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia, masikini wa Mungu, akiomba ushauri. Sasa ushauri ukamgeukia. Akaapa kwamba ya ng'ombe yule anayamwaga yote. Akaapa mpaka kwa majina ya mapacha wake. Kipimo cha dawa ya ng'ombe kilipelekwa mbali na majibu yake yalikuwa yanakuja kwa mwendo wa kobe, na meneja hakuwa na subira ya kobe. Akatangaza kwamba Jumamosi, kwenye kikao cha wafugaji, Baba Mapacha ataondolewa. Maziwa yake hayatapokelewa tena hapo, na pengine pa kuyapeleka hapakuwepo.

Hakuna hata mmoja aliyefikiria tangi. Tangi lingekuwaje na shida wakati Mama Pua amelinusa?

Siku mbili kabla ya kikao, Baba Mapacha alimkuta Mama Pua getini asubuhi, watu wamepanga foleni na madebe yao. Akashusha debe lake, akalifungua, akaliweka miguuni pake mbele ya wote.

"Dada, wewe unanusa kila kitu. Nusa maziwa yangu hapa hapa, wakiona. Ukisema yana dawa, nitaondoka mwenyewe. Ukisema ni safi, watakuamini. Mimi sina shahidi mwingine."

Mama Pua akainama. Pua yake ikafika karibu kugusa maziwa, akavuta pumzi, akavuta tena kwa nguvu zake zote. Ni kama alinusa jiwe. Hakusikia maziwa, hakusikia debe, wala nyasi zilizofungwa kwenye baiskeli. Angeweza kusema lolote pale, na lolote lingeaminiwa, na hilo ndilo lililomtisha.

"Nipe kidogo," akasema. "Niende nayo nyumbani. Jumamosi nitajibu."

"Jumamosi ndiyo wananifukuza."

"Nimekuambia nitajibu!" Alimkaripia, maskini, lakini hasa alikuwa anajikaripia mwenyewe.

Jioni hiyo, kabla ya kutoka kazini, aliosha tangi kama alivyoliosha siku zote hizo, bila kubadilisha kitu. Kisha akalala kifudifudi sakafuni, akafungua kiwiko cha bomba la chini, pale maji yanapojificha, akakinga yaliyobaki kwenye kikopo. Nyumbani akachemsha maziwa ya Baba Mapacha, akayapooza, akatafuta chupa mbili safi. Moja akaisuuza kwa maji yaliyochemka. Ya pili akaisuuza kwa yale maji ya kwenye bomba, akayamwaga, kama linavyofanyiwa tangi. Maziwa yaleyale kwenye zote mbili, mbegu ileile kwenye zote mbili. Akazifunga ndani ya blanketi moja kama watoto.

"Tumepata wajukuu?" mumewe akauliza.

"Lala."

Asubuhi walifungua blanketi pamoja. Chupa ya kwanza mtindi umekaa, ukiinamisha chupa hausogei. Chupa ya pili majimaji. Fundi akainusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii inanuka bwawa la kuogelea."

"Sana?"

Akamtazama mkewe kwa huruma, na huruma ile ikamuuma kuliko kitu chochote. "Sana, mke wangu. Mtu angeisikia kutoka mlangoni."

Mama Pua akakaa kitandani, chupa mkononi. Yule mgeni aliyekuwa anawafundisha watu kumsindikiza, yeye mwenyewe alikuwa amemfungia ndani akamwongezea chakula. Maziwa yote yale yaliyokwenda na mfereji. Wafugaji waliokosa malipo. Na yule mtu na madebe yake getini. Akasimama na kuvaa kilemba.

"Kesho nitasema."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze. Lakini yule hafukuzwi kwa kosa la tangi langu."

"Ungeweza tu kusuuza vizuri," fundi akasema, anajaribu. "Mtindi ukaganda, mambo yakaisha."

"Na yeye je? Wangesema umeganda kwa sababu wamemfukuza!" Akafunga kilemba kwa nguvu. "Acha kunifundisha uoga, ninao wa kwangu."

Jumamosi wafugaji walijaa uani, wengine kwenye mabenchi, wengine juu ya madebe yaliyopinduliwa. Baba Mapacha alikaa peke yake, benchi zima, maana mtu anayefukuzwa hupewa nafasi ya kutosha. Meneja akasimama. Kabla hajamaliza salamu, Mama Pua akainuka na kikapu chake.

"Samahani, Meneja. Kabla hamjamtoa yeye, nitoeni mimi."

Akaeleza chupa, akaeleza maziwa ni ya nani, akaeleza maji ya kwenye bomba. Halafu akazipitisha. "Nuseni. Shikeni, nuseni wenyewe."

Chupa zikatembea. Nyuso zikabadilika moja baada ya nyingine. Dada wa maabara alipopokea ile ya pili, kalamu ikamdondoka sikioni.

"Hii ni klorini, Mama Pua. Tena nyingi! Hukuisikia?"

"Sikuisikia. Sisikii harufu yoyote. Hiyo sisikii, maziwa sisikii, hata mume wangu akitoka juani sisikii."

Mtu mmoja akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Pua yangu imekufa," akasema. "Imekufa zamani. Nimekuwa natumbukiza kichwa kwenye tangi lenu kama mtu anayechungulia kisima. Nikaogopa uchafu, nikazidisha dawa, nikaiacha ndani. Maziwa yenu nimeyamwaga mimi. Huyu hana kosa."

Lo! Kelele zilizotoka hapo, wee acha. Mwingine alisimama juu ya debe. Mwingine alidai afukuzwe saa hiyo hiyo, tena bila buti. Meneja alikuja mpaka mbele yake, macho mekundu. "Nilimwaibisha mtu mbele ya wenzake kwa sababu yako! Ulikuwa unaona, ukanyamaza!"

"Ndiyo. Nilinyamaza."

Hakujitetea, na hilo ndilo lililopunguza moto, maana ni vigumu kugombana na mtu anayekubali. Dada wa maabara akaokota kalamu yake. Akasema kwa aibu kwamba karatasi za kupimia dawa kwenye tangi zipo, zimo kabatini kwake, pakiti hajaifungua. "Niliona za nini, wakati tuna Mama Pua."

Wakasikia hilo kila mmoja kwa nafsi yake, maana wote walikuwa wamesimama chini ya ile ngazi wakisubiri kidole gumba.

Meneja akatoa hukumu. Tangi ataliosha, maana hakuna anayeliosha kama yeye. Ila kulipitisha, basi. Hatalipitisha tena. Mama Pua akaitika kwa kichwa. Kisha, wakati watu wanadhani yameisha, akainua mkono.

"Nipeni hizo karatasi. Zinabadilika rangi, na macho yangu bado yanaona rangi. Na nipeni mtu mwenye pua. Sitaki kuaminiwa tena, nataka kupimwa."

Alipogeuka kumtafuta Baba Mapacha, benchi lilikuwa tupu. Alikuwa amepanda baiskeli yake na kwenda, bila asante, bila lawama.

Jumatatu alirudi na madebe yake kama kawaida, akapanga foleni, uso umefungwa. Ndani, tangi lilishaoshwa. Mabomba yako mikononi, ndoo ziko tayari, na watu, kwa mazoea tu, wakasimama wakimtazama Mama Pua. Akapanda ngazi mpaka juu. Akasimama pale, mkono kwenye mfuniko. Akashuka. Akatoka nje na buti zake zenye maji, akapita foleni yote mpaka kwenye baiskeli.

"Kaka, njoo uninusie."

Baba Mapacha akamtazama kuanzia kilemba mpaka buti. "Mimi? Si ndimi niliyewaharibia mtindi?"

"Ndiyo maana. Wewe hutanionea huruma."

Watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Kisha Baba Mapacha akaegesha baiskeli, akanawa mikono, akavaa kofia nyeupe aliyopewa, akapanda. Akatumbukiza kichwa. Hakuharakisha hata kidogo. Kama alikuwa analipiza, alikuwa na haki yake. Akatoa kichwa, uso ameukunja.

"Bado."

Mama Pua akachovya karatasi kwenye maji ya chini. Ikageuka rangi. Bado kweli. Akavuta mpira wa maji, akafungua kiwiko cha bomba, akasuuza tangi upya, juu, chini, pembe zote, mpaka jasho likamtiririka chini ya kilemba. Akachovya karatasi nyingine. Ikabaki nyeupe. Akamwonyesha dada wa maabara, kisha akamwachia Baba Mapacha ngazi.

Akapanda tena. Kichwa kikazama. Kiwanda kizima kikasubiri. Akachomoka, akamtazama yule mwanamke aliyesimama chini ameshika karatasi nyeupe kwa vidole viwili.

"Sasa sisikii kitu, dada."

"Hata mimi," Mama Pua akasema, akafungua bomba la maziwa.